Kura yangu ni sawa na ya tajiri, mbona maisha si sawa?

Swali: "Mimi ni mama wa watoto wawili. Nafanya usafi usiku katika jengo la ofisi, lakini aliyeniajiri si mwenye jengo, ni kampuni ya wakala. Sijawahi kukosa kupiga kura. Mwaka huu wakala ametupunguzia saa, na mshahara umepungua, ila vyumba vya kusafisha ni vilevile. Tulimwandikia diwani, akajibu kwamba hayo ni mambo ya kampuni binafsi. Mdogo wangu ananicheka. Anasema demokrasia ni ya matajiri, afadhali atawale mtu mmoja wa mkono wa chuma atakayegawa mali kwa lazima. Najua mwenye jengo akipiga simu serikalini anapokelewa. Je, usawa katika demokrasia upo kweli au tunadanganywa? Na mtu kama mimi afanye nini bila kibarua kuota nyasi?"

Dada yangu, kwanza pole. Kupunguziwa saa huku kazi ikibaki ileile maana yake ni kufanya sehemu ya kazi bure, na hilo peke yake linatosha kumkosesha mtu usingizi. Umeuliza mawili, kama usawa upo na kama wewe binafsi una la kufanya. Nayajibu yote, kwa kuwa la kwanza bila la pili litakuwa maneno matupu.

Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni kwamba umetimiza wajibu wako kwa uaminifu miaka yote na mizani haijasogea, kwa hiyo huenda mdogo wako anasema kweli. Analolalamikia ni la kweli. Dawa anayoipendekeza ndiyo mbaya, na nitafika huko.

Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba tukishapata kura sawa, maisha sawa yatafuata yenyewe, mradi tuvumilie. Waliojenga demokrasia kwa mikono yao hawakuamini hivyo. Bhimrao Ambedkar aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India, naye alizaliwa katika jamii iliyohesabiwa kuwa najisi, ambayo watoto wake walizuiwa kugusa maji ya wenzao shuleni. Tarehe 25 Novemba 1949, siku moja kabla ya Katiba hiyo kupitishwa, alisimama mbele ya Bunge la Katiba na badala ya kusherehekea akaonya. Kuanzia tarehe 26 Januari 1950, alisema, tutaingia katika maisha ya kupingana: katika siasa tutakuwa na usawa, katika jamii na uchumi tutakuwa hatuna. Akaongeza kwamba mgongano huo usipoondolewa mapema, wanaoumizwa nao wataubomoa mfumo mzima uliojengwa kwa taabu. Kwa hiyo unachokiona wewe kilionekana tangu siku ya kwanza.

Sasa tuangalie kinachofanya pengo lisizibike. Kura yako na ya mwenye jengo ni sawa kwa siku moja katika miaka minne au mitano. Siku nyingine zote yeye ana wakili, mhasibu, muda wa mchana, na namba ya simu ya mtu wizarani. Chukua mfano wa kifungu kimoja cha msamaha wa kodi kinachopelekwa bungeni. Kampuni kumi zitanufaika nacho kwa mamilioni kila moja, na hasara yake itagawanywa kwa raia wote, kila mmoja akipoteza kiasi kidogo asichokiona. Kampuni hizo kumi zinafahamiana, zinaweza kuchangishana, na zitaajiri mtu ambaye kazi yake ni kushinda kwenye korido za kamati. Kwa upande wa raia, nani ataacha zamu yake akapinge kifungu kinachomgharimu sarafu chache? Kifungu kinapita, na hapo si lazima mtu ahongwe. Wachache wenye faida kubwa hujipanga kwa urahisi kuliko wengi wenye hasara ndogo ndogo, na hali hiyo hujirudia kifungu kwa kifungu, mwaka kwa mwaka.

Kodi nayo ina namna yake ya kuumiza. Tuseme moja ya kumi ya bei ya kila unachonunua ni kodi. Wewe unapata 100 na unazitumia zote, kwa hiyo umelipa 10. Yeye anapata 10,000, anatumia 3,000 na kuziweka 7,000 zizae. Amelipa 300, nyingi kuliko zako, ila ni 3 tu katika kila 100 alizopata. Zile alizoziweka zinamletea pango la nyumba na gawio la hisa akiwa amelala, na katika nchi nyingi mapato ya namna hiyo hutozwa kodi ndogo kuliko jasho. Baada ya miaka ishirini watoto wenu wanaingia shule tofauti, halafu tunaambiwa mmoja alikuwa na bidii na mwingine alikuwa mvivu. Mwanamke anayesafisha ofisi usiku kucha na kurudi nyumbani kuwaandaa watoto kwenda shule hana uvivu wowote. Maneno hayo yananiudhi, na nakuomba usiyaruhusu yaingie moyoni mwako.

Nije kwa mdogo wako. Ziko nchi zisizo za kidemokrasia zilizopunguza umaskini. China imewatoa mamia ya mamilioni ya watu katika ufukara tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na Cuba iliendesha mwaka 1961 kampeni iliyowafundisha watu wazima kwa mamia ya maelfu kusoma na kuandika. Hayo lazima yasemwe. Lakini China hiyohiyo, kati ya 1959 na 1961, ilipata njaa iliyotokana kwa sehemu kubwa na sera za serikali, ikaua mamilioni kwa mamilioni. Maofisa wa vijijini, kwa woga, walipeleka juu hesabu za mavuno zilizotiwa chumvi. Serikali ikachukua nafaka kwa kufuata hesabu hizo, na hapakuwa na gazeti huru wala mbunge wa upinzani wa kusema kwamba maghala ni matupu. Amartya Sen, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alionyesha kwamba njaa kubwa ya namna hiyo haijatokea katika demokrasia inayofanya kazi yenye magazeti huru. Sen huyohuyo aliikosoa India ya kidemokrasia kwa kuvumilia utapiamlo wa kila siku, kwa sababu mtoto anayedhoofika polepole hatangazwi kama anayekufa njaa. Nakubaliana naye kwa yote mawili. Demokrasia huzuia maafa yanayoonekana na hulegea kwa dhiki iliyozoeleka, na shida yako iko katika kundi hilo la pili.

Mwambie mdogo wako jambo moja zaidi. Mwenye jengo hatachelewa kupata namba ya simu ya mtawala wa mkono wa chuma. Wewe ndiye utakayepoteza hata nafasi ya kumwandikia diwani bila kuogopa kubishiwa hodi usiku.

Kuna dhana nyingine inayohitaji kurekebishwa, kwamba haki ikishaandikwa kwenye katiba au mahakama ikishatoa hukumu, kazi imekwisha. Katiba kadhaa zimeandika haki za kiuchumi na kijamii waziwazi. Ya Afrika Kusini inataja makazi, afya, chakula na maji, na ya Kenya ya mwaka 2010 inafanya hivyo katika Ibara ya 43. Tazama kesi mbili zilizoamuliwa na mahakama moja. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kesi ya Irene Grootboom na wenzake, watu wazima 390 na watoto 510, waliobomolewa vibanda vyao wakabaki uwanjani chini ya maturubali wakati wa mvua za baridi. Mahakama ilisema mpango wa nyumba wa serikali una kasoro kwa kuwa hauwajali wenye dhiki ya haraka. Hukumu hiyo inafundishwa katika vitivo vya sheria duniani kote. Bi Grootboom alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi kwenye kibanda.

Miaka miwili baada ya hukumu yake, mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya Treatment Action Campaign, chama kilichopigania matibabu ya UKIMWI. Serikali ilikuwa imeruhusu dawa ya nevirapine, inayopunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, itolewe katika vituo viwili tu vya majaribio kwa kila mkoa. Mahakama iliamuru kizuizi hicho kiondolewe. Safari hii dawa ilifika hospitalini, ingawa mikoa mingine ilikokotwa. Nyuma ya kesi hiyo kulikuwa na chama kilichoanzishwa mwaka 1998, chenye wanachama vitongojini waliojifunza jina la dawa, kipimo chake na bei yake, waliovaa fulana zilizoandikwa kwamba wana virusi, na waliorudi kliniki baada ya hukumu kuuliza dawa iko wapi. Wakili mzuri alikuwepo katika kesi zote mbili. Kilichotofautiana ni idadi ya watu waliokuwa bado wamesimama hapo majaji walipokwenda nyumbani.

Hapo ndipo jibu langu kwa swali lako la kwanza lilipo. Kura peke yake haileti usawa. Inalinda nafasi ya kufanya kazi ya kuuleta: kukutana, kuuliza, kuandamana, kushtaki, kuandika. Nafasi hiyo isipotumiwa kati ya uchaguzi na uchaguzi, wenye simu wataitumia peke yao. Tena kilichopatikana huweza kuliwa. Marekani ilikataza mwaka 1870 kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Majimbo ya Kusini yakaja na kodi ya kura na mitihani ya kusoma iliyotungwa ili Weusi wafeli, na ikachukua hadi 1965 kwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura kuvunja vizuizi hivyo. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya huko ikaondoa makali ya sehemu muhimu ya sheria hiyo. Hata sheria ilipokuwa na nguvu zote, wazoa taka wa Memphis, karibu wote Weusi, walikuwa wakifanya kazi kwa ujira duni. Februari 1968 wawili kati yao walijikinga mvua nyuma ya lori na mashine ya kushindilia taka ikawaponda. Wenzao wapatao 1,300 waligoma, wakipita mitaani na mabango yaliyosema "Mimi ni mwanamume", wao ambao waliitwa kijana hadi uzeeni. Martin Luther King alikuwa amekwenda kuwaunga mkono alipouawa tarehe 4 Aprili. Siku kumi na mbili baadaye jiji lilikubali kukitambua chama chao na kuwaongeza mshahara.

Sasa tuje kwenye jengo lako, maana hali yako ina historia yake. Miaka ya 1980, wenye majengo katika miji mingi ya Marekani walianza kuwapa mawakala kazi ya usafi. Mawakala walishindana kwa bei, na bei ilishushwa kwa kumkata msafishaji. Ukimlalamikia wakala, anasema zabuni hairuhusu. Ukimlalamikia mwenye jengo, anasema wewe si mfanyakazi wake. Kila mmoja anasema ukweli kidogo, na mzigo unabaki kwako. Wasafishaji walitafakari mtego huo, na kuanzia mwaka 1985 katika jiji la Denver walianza kampeni iliyoitwa Justice for Janitors, yaani Haki kwa Wasafishaji. Waliamua kufanya mambo mawili. Walimbana mwenye jengo na wapangaji wake wenye majina makubwa hadharani, kwa kuwa hao ndio wenye fedha. Halafu walidai masharti yaleyale kwa mawakala wote wa eneo moja, ili asiwepo wakala wa kupoteza zabuni kwa sababu amelipa vizuri. Hilo la pili ndilo watu hulisahau. Ukimshinda wakala mmoja peke yake, mwaka ujao mwenye jengo analeta wa bei ya chini na ninyi nyote mko nje.

Huko Los Angeles, tarehe 15 Juni 1990, polisi waliwapiga kwa virungu wasafishaji waliokuwa wakiandamana kwa amani katika eneo la Century City. Picha zilionyeshwa kwenye televisheni, na muda si mrefu mkataba ukasainiwa. Wengi wa waandamanaji wale walikuwa wahamiaji kutoka Amerika ya Kati na Mexico ambao hawakuwa hata na kura. Nakutajia pia virungu kwa makusudi, kwa sababu sitaki ukadhani ni njia laini.

Nikiwa katika nafasi yako, nisingeanza na mgomo. Ningeanza na daftari. Andika kila usiku umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, na vyumba vingapi umesafisha, na waombe wenzako wafanye hivyo hivyo. Madaftari yakae nyumbani, yasiachwe kabatini kazini. Katika Rajasthan, India, miaka ya 1990, wakulima na vibarua walidai kuonyeshwa daftari za malipo ya kazi za umma, wakazisoma kwa sauti mbele ya kijiji kizima. Watu walisikia majina yao yakitajwa kwa kazi ambazo hawakuwahi kufanya, hata majina ya marehemu yalikuwemo, na majengo yaliyolipiwa hayakuwepo. Vuguvugu hilo lilichangia kuzaliwa kwa sheria ya haki ya kupata taarifa ya India ya mwaka 2005. Malalamiko ya mtu mmoja hubishaniwa. Maandishi ya watu ishirini yanayofanana hayabishaniki kirahisi.

Kisha zungumzeni nje ya jengo, wawili watatu kwanza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na jina la kwanza kwenye barua ndilo hufukuzwa la kwanza. Mkiandika, wekeni saini kwa mduara ili asijulikane nani alianza. Kujiunga na chama cha wafanyakazi kunalindwa na mikataba ya Shirika la Kazi Duniani namba 87 ya mwaka 1948 na namba 98 ya mwaka 1949, na nchi nyingi zimeitafsiri katika sheria zao. Ulinzi wa karatasi haumzuii mwajiri mbaya kukuandama, ila unakupa mahali pa kumshtaki. Vyama vyenyewe navyo si malaika. Viko vilivyolala na viko vinavyokula sahani moja na waajiri. Kabla ya kulipa ada, uliza mkataba wa mwisho walioujadili ni upi, na uombe kuuona.

Diwani wako nadhani mmemwachia mapema mno. Ni kweli hawezi kumwamrisha wakala. Anaweza, hata hivyo, kuuliza kwenye baraza kama ofisi za umma zinatumia mawakala wa namna hiyo, na kama masharti ya zabuni yanadai mshahara wa kima fulani na saa zinazolingana na kazi. Serikali ni mteja mkubwa wa usafi karibu kila mahali, na masharti yake huvuta soko. Mgombea wa ubunge mwulize wakaguzi wa kazi ni wangapi na bajeti yao ni kiasi gani. Sheria nzuri ya kima cha chini cha mshahara bila mkaguzi haimfikii mtu wa zamu ya usiku. Maswali hayo yana majibu ya tarakimu, na mtu akitoa tarakimu mnaweza kumfuatilia.

Sitakuahidi kwamba saa zenu zitarudi mwaka huu. Zinaweza zisirudi. Wenye watoto wadogo na kodi ya nyumba wana haki ya kwenda polepole, na usikubali mwanaharakati yeyote, hata mwenye nia njema, akusukume mbele kuliko unavyoweza kuhimili.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, unahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Kama makato ya hifadhi ya jamii yanakatwa na hujui kama yanafika, kama umeumia kazini, kama unatishwa au unaombwa rushwa ya ngono ili upate zamu, au kama umeletewa mkataba mpya usaini, nenda ofisi ya kazi ya serikali, kwa chama cha wafanyakazi au kituo cha msaada wa kisheria. Huduma yao mara nyingi ni bure au ya bei nafuu. Chukua mkataba wako, hati za mshahara za miezi ya karibuni, lile daftari, na nakala ya barua mliyompelekea diwani. Barua ya kuachishwa kazi ikija, usisaini chochote kinachosema umekubali au umelipwa stahiki zako zote. Andika tarehe uliyoipokea na upeleke nakala kwa mwanasheria wiki hiyohiyo, kwa sababu muda wa kufungua shauri la kazi katika nchi nyingi ni mfupi, na baadhi huhesabu kwa siku.